Mficha Maradhi Baharini

Wazee wetu wa pwani walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii niliisikia tangu utoto wangu Kilifi, na shuleni niliiandika katika madaftari mara nyingi nikapewa alama nzuri. Lakini kuijua methali kwa ulimi si kuijua kwa mwili. Kwa mwili niliijua mwaka 2018, katika bahari ya Madagaska, usiku ule nilipoificha homa yangu nikawa karibu kukivunja mwambani chombo chenye watu wanne. Nayaandika haya si kwa kuwa yana fahari kwangu, maana hayana. Nayaandika kwa sababu miongoni mwa vijana watakaozisoma kurasa hizi wamo watakaokwenda baharini kutafuta riziki, nami ningependa wasilipe ada niliyoilipa mimi.

Nilikuwa nimemaliza masomo ya sekondari, wala sina kazi. Katika mkono wa bahari wa Kilifi hutia nanga vyombo vya matanga vya wageni wanaozunguka dunia kwa matembezi. Mzee mmoja na mkewe, wastaafu kutoka Ulaya, walitaka mabaharia wawili wa kuwasaidia kwenda Madagaska na kurudi. Mwenzangu alikuwa mtu wa Lamu, aliyenizidi umri kwa miaka kumi na kukulia katika majahazi, nilimwita Kaka. Mzee tulimwita Nahodha, na mkewe tulimwita Mama. Mama alikuwa mwalimu kabla ya kustaafu, na hili nalitaja kwa sababu tabia yake ya ualimu ndiyo iliyoniokoa.

Kabla ya kung'oa nanga Mama alituketisha juu ya sitaha, daftari mkononi. Akaandika jina la kila mmoja wetu, umri, uzito, aina ya damu, maradhi aliyowahi kuugua, dawa anazotumia, na dawa zinazomdhuru. Hakujisahau mwenyewe wala mumewe. Kisha akataka kuona kadi zetu za manjano, yaani vyeti vya chanjo ya homa ya manjano. Kenya huhesabiwa katika nchi zenye hatari ya homa hiyo, na msafiri atokaye katika nchi hizo hudaiwa cheti aingiapo Madagaska. Cheti hicho hakikubaliwi mpaka zipite siku 10 tangu kuchanjwa, basi mtu anayekwenda kuchanjwa siku ya safari amekwisha chelewa. Hata hivyo, tangu Julai 2016 chanjo moja huhesabiwa kuwa ya maisha yote. Akauliza pia habari za chanjo ya pepopunda, maana katika chombo hakuna siku inayopita bila mkono kuchubuliwa na kamba, ndoana au msumari.

Baada ya hayo alitufungulia sanduku la dawa. Ndani ya kifuniko alikuwa amebandika orodha, na kila dawa aliiandika kwa jina lake la asili, si kwa jina la kibiashara. Nilimuuliza sababu. Akanijibu kwamba kiwanda hiki huipa dawa jina lake na kiwanda kile jina jingine, na jina linalojulikana katika duka la Mombasa huenda lisijulikane hata kidogo katika duka la Mahajanga. Lakini jina la asili mfamasia wa kila nchi hulitambua.

Mwisho alitupa vidonge vya kukinga malaria. Kaka alivipokea akashukuru. Mimi nilicheka nikasema, "Mama, sisi ni watoto wa pwani. Malaria ni jirani yetu."

Mama hakucheka. Alisema, "Mbu hatakuuliza umezaliwa wapi."

Nilivipokea kwa heshima, na kwa siku chache nilivimeza. Kisha nikaanza kuvitupa baharini kimoja kimoja, nyuma ya usukani, pasipo mtu kuniona. Huo ndio uongo wangu wa kwanza, na uongo wa kwanza haukai peke yake.

Tuliondoka mwisho wa kaskazi, tukashuka polepole kwa kuiandama pwani ya Tanzania, kisha tukavuka kwa njia ya Komoro. Tulipofika kisiwa cha Nosy Be, Nahodha alipandisha bendera ya manjano. Zamani za tauni rangi hii iliogofya mabandarini. Siku hizi maana yake ni kwamba watu wa chombo hiki ni wazima, nao wanaomba ruhusa ya kuingia. Mpaka ruhusa itolewe, hapana mtu anayeshuka isipokuwa nahodha aendaye na karatasi kwa maofisa. Niliona ni adha tupu, kwa kuwa matunda ya sokoni yalikuwa yakinukia kutoka ufukoni. Sikutambua wakati ule kwamba desturi ile inamlinda mwenyeji dhidi ya mgeni, na mgeni dhidi ya fedheha ya kuwaletea wenyeji maradhi. Mwaka 2017, mwaka mmoja tu kabla ya safari yetu, Madagaska ilipatwa na tauni iliyougusa umati wa watu zaidi ya 2,000 na kuwaua zaidi ya 200. Nchi iliyoyaona hayo ina haki ya kumuuliza mgeni habari za afya yake, na mgeni mwenye busara naye huuliza habari za nchi kabla ya kuweka mguu.

Madagaska, ambayo wazee wetu waliiita Bukini, si mbali na kwetu, lakini lugha zake ni Kimalagasi na Kifaransa. Mama alitufundisha maneno machache ya dharura: *marary aho*, yaani mimi ni mgonjwa, *dokotera*, yaani daktari, *rano*, yaani maji, *tazo*, yaani homa. Tulikuwa tukiyakariri jioni kama watoto wa chekechea. Mimi niliyaona kuwa mchezo. Usiku nilipanda kulala juu ya sitaha bila chandarua, kwa kuwa ndani kulikuwa na joto, na huko nje kulikuwa na nyota na upepo. Mbu nao walikuwako.

Baada ya majuma mawili tulielekea Mahajanga, ambayo i kusini-magharibi. Katika pwani ile usiku huvuma umande, yaani upepo wa kutoka nchi kavu, na alasiri huvuma upepo wa bahari; basi mabaharia husafiri kwa kuzivizia pepo hizo mbili. Siku ya pili ya safari niliamka na baridi mifupani, jua likiwa kali. Kichwa kiliniuma, viungo vilinilegea, na chakula kilinitia kichefuchefu. Kaka aliniuliza kulikoni. Nilimwambia nimelewa bahari. Alinitazama kwa mashaka, kwa kuwa bahari siku ile ilikuwa tulivu kama maji ya kisima.

Kwa nini nilisema uongo? Nimejiuliza swali hili mara nyingi. Niliogopa kuambiwa, "Sikukuonya?" Niliogopa kwamba baharia mgonjwa atashushwa bandarini na mshahara wake kukatwa. Niliogopa gharama za hospitali katika nchi nisiyoijua hata namna ya kuhesabu fedha zake. Na zaidi ya yote niliona aibu kuonekana dhaifu mbele ya mtu wa Lamu. Basi nilimeza kwa siri vidonge vya kutuliza maumivu nilivyokuwa nimenunua sokoni. Homa ikashuka kwa muda, nami nikajidanganya kwamba imekwisha. Kumbe vidonge vile viliifunika homa, havikuiondoa. Ni kama mtu aliyetupa mkeka juu ya moto.

Zamu yangu ya usukani ilianza saa nane ya usiku. Kaka aliniambia, "Mdogo wangu, kama hujiwezi sema, nitakushikia zamu." Nikamjibu kwamba najiweza. Akaenda kulala. Umande ulikuwa mwanana, na pwani ilikuwa kushoto kwetu, giza juu ya giza. Nakumbuka kuutazama mwanga wa dira. Nakumbuka kuona taa za nyumba yetu ya Kilifi zikielea juu ya maji, nami nikafurahi kwamba tumefika. Baada ya hapo sikumbuki kitu.

Mama alizinduliwa usingizini na sauti asiyoizoea: sauti ya mawimbi yanayopasukia mwambani. Alitoka akanikuta nimeanguka juu ya usukani, na chombo kimegeuka kushoto kikienda taratibu kuielekea pwani. Alipiga kelele. Nahodha na Kaka walitoka mbio. Mmoja akaushika usukani na mwingine akaziachia kamba za tanga. Kaka aliniambia baadaye kwamba chombo kilipomaliza kugeuka, povu jeupe la mwambani lilikuwa karibu kiasi cha kulitupia jiwe.

Hapana aliyenikemea. Mama aliwasha taa, akachukua daftari lake, akanipima joto, akanitoboa kidole na kuliweka tone la damu katika kipimo cha malaria. Baada ya dakika 20 mistari miwili ilionekana. Akapiga simu ya setilaiti kwa daktari wa kituo kinachowahudumia mabaharia. Daktari yule, aliyekuwa mbali nasi kwa maelfu ya maili, hakuuliza hadithi. Aliuliza umri, uzito, joto la mwili, saa homa ilipoanza, kama mgonjwa anajitambua, kama anatapika, kama amekojoa. Na kila jibu lilikuwa katika daftari au mbele ya macho ya Mama. Kisha akauliza, "Amekunywa dawa gani mpaka sasa?"

Mama alinigeukia. Hapo ndipo nilipoyasema yote: vidonge vya kinga nilivyovitupa, na vidonge vya maumivu nilivyovimeza kwa siri, na idadi yake. Nililia, wala sijui kama nililia kwa homa au kwa aibu. Mama aliyaandika maneno yangu bila kuinua uso, akamsomea daktari.

Nilipewa dawa mseto pamoja na chakula kidogo, nikaitapika. Nikapewa tena, nikaitapika tena. Daktari akasema hapana la kungoja: mgonjwa asiyeweza kuiweka dawa tumboni anahitaji sindano ya mshipani, na sindano hiyo haikuwamo sandukuni. Nahodha aliwasha mashine, akayakunja matanga. Alasiri tuliingia katika maji mekundu ya mto Betsiboka, na mji wa Mahajanga ukatokea mbele yetu.

Hospitalini nilijaribu kusema *marary aho*, na ulimi ukakwama. Karani alizungumza Kifaransa, ambacho Mama alikijua kidogo. Fedha zilitakiwa kwanza, naye Nahodha alizilipa, akaomba risiti kwa ajili ya bima. Katika chumba cha wagonjwa palikuwa na bibi mmoja aliyekuja kumuuguza mjukuu wake. Asili yake ilikuwa Komoro, kama walivyo watu wengi katika mji ule, na lugha ya Komoro ni ndugu wa Kiswahili chetu. Aliponisikia nikiita maji alinijia akasema neno ambalo sikulielewa lote, lakini "mwana" na "maji" niliyasikia. Alininywesha kwa kijiko. Sijapata kunywa maji matamu kama yale.

Nililala pale siku tatu. Siku ya nne nilirudi chomboni nikiwa nimekonda, nikamwendea Nahodha kumwomba radhi, nikingoja kufukuzwa. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kuugua si kosa. Lakini ulipokishika usukani ukijua kwamba huwezi, ulituchagulia sisi sote, nasi hatukuulizwa." Hakuongeza neno. Sikufukuzwa kazi, lakini jioni ile Mama alinikabidhi daftari la afya, akasema tangu siku ile mimi ndiye mtunzaji wake.

Nililitunza mpaka tuliporudi Kilifi, na katika kulitunza nilijifunza mengi ambayo ningependa kumpa msomaji.

Kwanza, afya ya safari hujengwa nchi kavu. Chanjo, meno, miwani, dawa za kutosha kwa mwenye ugonjwa wa kudumu, na bima inayotaja wazi nchi uendako: vyote hivi hutafutwa kabla ya nanga kung'olewa. Aliye na bima asiishie kuwa na karatasi. Aisome, ajue kama inalipa gharama za kumhamisha mgonjwa kutoka kisiwani kwenda kwenye hospitali kubwa.

Pili, madogo ya nchi kavu huwa makubwa baharini. Aliyekatwa na matumbawe asafishe jeraha mara moja kwa maji safi na sabuni, atoe kila chembe, kwa maana jeraha la matumbawe hupenda kuoza. Aliyechomwa na samaki mwenye miiba ya sumu anayefanana na jiwe atie mguu katika maji ya moto anayoweza kuyavumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, huku akitafutiwa tabibu. Anayeharisha arudishiwe maji mwilini kabla hayajamwishia: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa sawa na mdomo wa kijiko. Maji ya kunywa ya bandari usiyoijua yachemshwe au yatiwe dawa. Na chandarua kisiachwe kwa sababu ya nyota.

Tatu, hapana baharia aliye peke yake akiwa na redio. Chaneli ya 16 husikilizwa na vyombo na vituo vya pwani duniani kote. Penye hatari ya kufa huitwa "Mayday" mara tatu, na penye ugonjwa wa haraka usiofikia hatari hiyo huitwa "Pan-Pan" mara tatu. Katika mji wa Roma kiko kituo cha CIRM, kilichoanzishwa mwaka 1935, ambacho huwapa mabaharia wa kila taifa ushauri wa daktari bila malipo. Lakini daktari wa mbali huona kwa macho ya anayemsimulia. Mgonjwa akisema uongo, daktari amepofushwa.

Nne, kijana aulize sheria inamlinda vipi kabla ya kutia sahihi. Upo Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, na chini yake mwenye meli hugharimia matibabu ya baharia aliyeugua kazini. Lakini mkataba huo hauyahusu majahazi ya jadi, wala vyombo visivyofanya biashara. Anayepanda vyombo hivyo na apatane na mwenye chombo mapema, kwa maandishi, nani atalipa akiugua. Laiti ningeuliza swali hilo Kilifi, huenda nisingeogopa gharama nikiwa Mahajanga.

Wala tusidhani kwamba haya ni mambo mapya. Mwezi Januari mwaka 1499 Vasco da Gama alirejea Malindi kutoka Bara Hindi. Alikuwa amekawia baharini karibu miezi mitatu kwa kwenda kinyume cha pepo za majira, na kiseyeye kilikuwa kimewaua watu wake wengi. Wagonjwa walitamani machungwa, na mfalme wa Malindi akawapelekea. Mabaharia waliosalia hawakutosha kuendesha meli tatu, ikabidi moja ichomwe moto. Ilipita miaka karibu 250 kabla ya tabibu James Lind, mwaka 1747, kuwajaribu mabaharia 12 wagonjwa na kuona kwamba waliopewa machungwa na malimau ndio waliopona upesi. Dawa ilikuwa imekaa katika mashamba ya pwani yetu muda wote ule. Wale walikufa kwa kutojua. Mimi nilijua, na dawa ilikuwa hatua tatu kutoka kitandani pangu. Nikawa karibu kufa kwa kunyamaza.

Daftari lile ninalo mpaka leo, maana Mama aliniachia. Katika ukurasa wenye jina langu, chini ya tarehe ya usiku ule, yapo maneno yangu kama alivyoyaandika, pamoja na idadi ya vidonge. Kila ninapopata kijana anayeingia chomboni kwa mara ya kwanza, humfungulia ukurasa huo akausoma mwenyewe, kisha ndipo ninapomuuliza, "Je, wewe unaumwa wapi?"